Nyumba za Misheni ya Bagamoyo: chokaa, boriti na simenti iliyokuja baadaye

Mgeni akifika Misheni ya Bagamoyo huonyeshwa msalaba wa pwani, mnara wa kanisa la kwanza, mbuyu na jumba la makumbusho. Anapiga picha, anaondoka. Kuta hazitazami. Ni hasara, kwa sababu kuta zile zina mengi ya kusema kuliko vibao vilivyobandikwa juu yake. Tena ndizo zinazoumizwa zaidi na watu wenye nia njema, wenye karai la simenti mkononi.

Tuanze na tarehe chache, maana bila hizo jengo halisomeki. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walishika kazi Unguja mwaka 1863, wakipokea kilichoanzishwa mwaka 1860 na mapadre na masista waliotoka kisiwa cha Réunion. Machi 1868 Padre Antoine Horner akavuka kuja bara na kufungua misheni nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, kwa idhini ya Sultani Majid. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa waliotembezwa miezi kadhaa walifikia pale kabla ya kuvushwa Unguja. Misheni ilipokea watoto walionunuliwa kutoka utumwani, pamoja na wengine waliokamatwa na manowari baharini wakiwa ndani ya majahazi ya magendo. Nia ya Horner ilikuwa kuwasomesha, kuwafundisha kazi za mikono, na miongoni mwao kupata makatekista, mabruda na hatimaye mapadre.

Mapadre hawakupatikana kwa haraka. Waliopatikana haraka walikuwa waashi, maseremala na wahunzi, na ndiyo maana ukiisimulia historia ya malezi ya Bagamoyo kwa orodha ya maaskofu na wakuu wa nyumba peke yake, umeacha nusu yake nje. Wanafunzi wenyewe ni sehemu ya nguvu kazi iliyosimamisha majengo waliyosomea. Tusilipambe jambo hili. Mtoto aliyekombolewa hakuwa na pa kwenda, na siku yake iligawanywa kati ya sala, darasa na jembe, jembe likichukua sehemu kubwa. Wanahistoria wamelihoji hilo, na wana haki.

Kisha ukaja mwaka 1872. Tarehe 15 Aprili kimbunga kikapiga Unguja na Bagamoyo. Vimbunga ni nadra mno katika latitudo ile, hivyo hakuna aliyekuwa amejenga akikitegemea. Unguja mikarafuu ilianguka mashamba kwa mashamba, majahazi yakavunjika bandarini, na Bagamoyo majengo ya misheni yakaharibiwa vibaya. Ukizipanga tarehe za majengo yaliyobaki utaona jinsi zinavyofuatana baada ya pale: kanisa la kwanza ni la 1872, Nyumba ya Mapadre ilianza 1873, na Nyumba ya Masista, ambayo leo ndiyo makumbusho, ni ya 1876, mwaka mmoja na Pango la Mama wa Lourdes. Kanisa kubwa linalotumika sasa ni la baadaye sana, lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Februari 1874, Chuma na Susi, watumishi wa msafiri David Livingstone, na wenzao walipoufikisha mwili wake baada ya kuubeba miezi mingi, ukalazwa kanisani usiku ule, chokaa ya mnara bado ilikuwa changa.

Jiwe lenyewe ni matumbawe, lakini kuna matumbawe ya aina mbili na kuyachanganya ni kosa la kwanza la fundi asiye mwenyeji wa pwani. La kwanza ni lile la nchi kavu, mwamba wa kale uliochimbwa ardhini: gumu, lenye matundu, lisilokubali kuchongwa vizuri. Hilo ndilo la ukuta. La pili lilitolewa baharini likiwa bichi, jepesi na laini, likachongwa kabla halijakauka. Hilo lilitumika kwenye matao, fremu za milango na mapambo. Tazama magofu ya Kaole, kusini ya mji, utaona kazi hiyo ikifanyika karne nyingi kabla ya Horner. Mapadre hawakuleta ujenzi wa mawe Bagamoyo, waliukuta. Walichoongeza ni ramani: veranda ndefu zenye matao na ngazi pana, za nyumba ya kukaa watu wengi kwa ratiba ya kengele.

Veranda zile hazikuwa urembo. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji, na adui wake mkubwa ni mvua inayopigwa na upepo ikaja kwa ubavu. Safu ya matao inapokea mvua na jua kwanza, ukuta wa ndani unabaki mkavu. Kila mahali pwani ambapo mtu ameziba matao ya veranda kwa tofali ili apate vyumba viwili zaidi, ukuta wa nje uliozaliwa hapo umeanza kuvuja ndani ya misimu michache.

Unene wa ukuta wa mawe wa aina hii huwa sentimita 45 hadi 60. Chukua ukuta wenye unene wa sentimita 60 na kimo cha mita 3: kila mita moja ya urefu wake ina uzito wa tani tatu na zaidi. Uzito huo wote unashikiliwa na chokaa, na chokaa ilichomwa hapo hapo.

Tanuri la chokaa la pwani halikuwa jengo. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati likiachwa tundu la kuwashia. Juu yake humwagwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwa ukubwa wa ngumi. Moto ukishika, rundo zima huteketea na kushuka taratibu. Jiwe linahitaji joto la nyuzi 900 hivi ili ligeuke, na kilo 100 za mawe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa, maana zile 44 zimetoka hewani zikiwa hewa ya ukaa. Moto ukiwa hafifu, kiini cha jiwe hubaki kibichi. Vipande hivyo husumbua wakati wa kuchekecha, ila havidhuru ukuta. Vyenye kudhuru ni vile vilivyoungua lakini havikuzimwa vizuri. Chembe ya chokaa isiyozimwa ikiingia kwenye lipu, hunyonya unyevu wiki au miezi baadaye, huvimba na kurusha kipande kidogo cha lipu. Ukiona ukuta wenye vishimo vya duara, kila kimoja na nukta nyeupe katikati, umeona chokaa ya haraka.

Kuzima ni kumwagia maji. Kikemia kilo 100 za chokaa isiyozimwa zinahitaji kilo 32 tu za maji, lakini joto linalotoka huchemsha maji mengi yakawa mvuke, kwa hiyo kwa vitendo unatia mara kadhaa ya hapo mpaka upate uji mzito. Chokaa hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya pipa lililojaa chokaa, la sivyo hulipuka machoni. Uji huo huchekechwa na kuachwa shimoni ukiwa umefunikwa na maji, miezi 3 kwa uchache. Ukikaa zaidi ndio unazidi kulainika.

Sakafu za juu ni habari ya mikoko. Kwa vipimo vya wafanyabiashara wa Lamu, mti wenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 11.5 ni mazio, wa 11.5 hadi 14 ni boriti, na kuanzia 14 ni nguzo. Boriti hupangwa karibu karibu, juu yake huja vipande vya mawe, kisha zege la chokaa linalopigwa kwa vigongo siku nyingi mpaka likaze. Mkoko mnyoofu wa kutosha ni mfupi, ndiyo maana chumba cha nyumba ya kale ya pwani hakizidi upana wa mita 3 hivi, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri wa kutupwa. Aliyetaka darasa au bweni pana ilibidi atafute mihimili ya mbao au aongeze safu ya nguzo katikati. Mti wa mkoko wenyewe haushambuliwi kirahisi na mchwa. Huoza mahali pamoja tu, ncha iliyozama ukutani, na huoza kwa sababu ukuta ule umelowa. Ukikuta dari limebonyea katikati lakini boriti zake zinalia imara zikigongwa, chunguza ncha kabla hujalaumu mti.

Kilichoziokoa nyumba hizi zisibomolewe ni umaskini uliokuja baadaye. Wakati wa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, misheni ilikuwa kimbilio la watu waliokimbia mji. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam, na reli ya kati iliyoanza 1905 ikaondokea huko huko, ikafika Kigoma 1914. Biashara ikafuata reli. Uaskofu nao ukahamia Morogoro. Bagamoyo haikuwa na fedha za kubomoa nyumba za mawe ili ijenge mpya, kwa hiyo zikabaki.

Simenti ilifika na Wajerumani, na Boma lao la Bagamoyo la 1897 ni kazi ya zama nyingine tayari. Lakini kwa fundi wa kawaida iliendelea kuwa kitu cha kununua kwa kufikiria, mpaka kiwanda cha simenti cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilipofunguliwa mwaka 1966. Mfuko ukawa unapatikana dukani, matanuri yakazimika, na kizazi cha waashi waliojua kuzima chokaa kikazeeka bila wanafunzi. Toka hapo kila ukuta wa kale uliopasuka ulizibwa kwa kilichokuwepo.

Hapa ndipo ubishi kuhusu simenti kwenye kuta za kale unapoanzia, kwa hiyo inafaa kueleza kinachotokea ndani ya ukuta. Ukuta wa matumbawe hauna kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, huwa yanafikia mita moja hivi, na hutoka kwa kukauka usoni mwa ukuta. Maji hayo yana chumvi: ya bahari, ya mchanga wa ufukweni usiooshwa, ya mawe yenyewe. Lipu ya chokaa ina vinyweleo, hivyo unyevu unapita mpaka nje na chumvi hubaki juu ya lipu, ambako haidhuru sana. Lipu ikichakaa unaibandua na kupiga nyingine. Ndiyo kazi yake, kufa badala ya jiwe. Lipu ya simenti ni nzito, maji hayapiti kwa urahisi. Kwa hiyo unyevu hutafuta njia nyingine, hupanda juu zaidi, mita moja na nusu, mbili, na chumvi huganda nyuma ya simenti, ndani ya jiwe.

Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe hewani unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75, na huganda unaposhuka chini ya hapo. Pwani yetu huvuka mpaka huo alfajiri na alasiri, karibu kila siku. Kila inapoganda, fuwele husukuma kuta za vinyweleo. Zidisha kwa miaka kumi. Gonga lipu ya namna hiyo kwa kifundo cha kidole: chini sauti ni tupu. Ibandue, inatoka bapa moja gumu, zima, mwenye nyumba anajivunia jinsi lilivyokuwa imara, na nyuma yake chokaa ya karne ya kumi na tisa inamwagika sakafuni ikiwa vumbi. Chota kidogo uweke ulimini, ni chumvi. Kilichokuwa kimesimama vizuri ni simenti. Ukuta ulikwisha kuondoka.

Ufa nao una habari yake. Ukuta wa chokaa hucheza kidogo msimu hadi msimu, na nyufa nyembamba kwenye chokaa hujifunga zenyewe kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuigandisha tena ufani. Simenti haichezi. Hupasuka mstari mmoja mrefu, maji huingia kwa ufa huo, na hayawezi kutoka.

Kuhusu sheria, wengi hudhani jengo lolote la kale linalindwa lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kuwa kumbukumbu ya kale jengo lililojengwa kabla ya 1863. Misheni ilianza 1868. Imekosa kwa miaka 5. Majengo ya baada ya hapo hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi, na mipaka ya tangazo ndiyo ya kuuliza kabla ya kugusa ukuta. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 zina ulinzi wake, hivyo usimruhusu fundi kubadilisha mlango kwa kuwa tu bawaba zimekatika. Bagamoyo imo pia, tangu 2006, katika orodha ya awali ya UNESCO kupitia njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe. Orodha ya awali haileti fedha wala mlinzi, ingawa watu huitaja kana kwamba inaleta.

Ukarabati basi. Kazi ya kwanza haihusu ukuta kabisa, ni maji. Angalia bati: pwani huanza kutoboka kwenye matundu ya misumari, si katikati. Angalia mifereji na mabomba ya kushushia. Angalia ardhi ya nje. Miaka zaidi ya mia ya kufagia, kupanda maua na kumwaga kifusi huinua ardhi mpaka ikawa juu ya sakafu ya ndani, na hapo ukuta unalowa kutoka ubavuni. Chimba uishushe, mteremko uelekee mbali na nyumba. Ukiruka hatua hii, yote yanayofuata ni kutupa fedha.

Baada ya hapo bandua simenti, kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia pale inapolia tupu. Mashine ya kukata huondoka na uso wa jiwe. Ukibandua, safisha viungo kwa brashi kavu, zoa vumbi lote ulipeleke mbali, maana ni chumvi ile ile, kisha uache ukuta wazi msimu mzima wa kiangazi upumue. Hapa ndipo wenye nyumba huchoka. Wanataka lipu wiki ijayo. Lipu ya wiki ijayo itadondoka.

Mchanga utoke mtoni au shimoni, si ufukweni. Weka mchanga theluthi moja ya chupa, jaza maji, tikisa, acha saa moja. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga, huo unahitaji kuoshwa. Viungo vilivyokwisha vijazwe kwanza kwa chokaa na vipande vidogo vya jiwe vilivyogongwa ndani. Ukijaza shimo kubwa kwa chokaa tupu, itasinyaa na kupasuka.

Lipu ni chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa ujazo. Kwa ukuta wa mita 5 kwa 3 na unene wa milimita 25, unahitaji mchanga ndoo 19 za lita 20 na uji wa chokaa ndoo 6 na kidogo. Ujazo haujumlishwi, kwa sababu chokaa huingia katika nafasi za mchanga. Piga mikono mitatu, yaani matabaka, kila mmoja usizidi milimita 10. Rushia ukuta maji kabla ya kila mkono, na usipige unaofuata mpaka wa kwanza ukatae kubonyezwa kwa kidole gumba. Chokaa haikazi kwa kukauka. Hukaza kwa kurudisha hewa ya ukaa, na kwa hilo inahitaji unyevu. Wakati wa kusi, ambao ni mzuri kwa kuwa mvua zimepungua, upepo hukausha uso kabla ndani hapajashika, hivyo tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa wiki moja au mbili. Fundi anayeongeza "simenti kidogo tu ishike haraka" amerudisha tatizo kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu vifaa, usichome matumbawe ya baharini. Kuvunja matumbawe hai ni marufuku, na chokaa ya mawe ya nchi kavu inatosha kabisa. Ya mfuko, iliyozimwa kiwandani, inafaa pia ukiiloweka kwa siku kadhaa kwanza, ila soma mfuko, ipo inayouzwa kwa ajili ya mashamba. Boriti za kubadilisha nazo zina kibali, maana mikoko ni misitu ya hifadhi. Mara nyingi huhitaji boriti nzima: ncha iliyooza hukatwa, kipande kipya huunganishwa ubavuni, na tundu la ukutani huachwa na nafasi ya hewa kuzunguka mti.

Rangi ya plastiki isikaribie ukuta huo. Paka chokaa iliyochujwa kwa kitambaa, wepesi wa maziwa, mikono minne au mitano, ukuta ukiwa na unyevu, siku moja kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza hauonekani na mafundi wengi huuongeza uzito hapo hapo. Ukiuongeza uzito utakatika magamba. Watu hutia chumvi kwenye chokaa ya kupaka ili ishike. Kwa nyumba mpya ya tofali sina neno, lakini kwa ukuta wa matumbawe ambao umehangaika msimu mzima kuutoa chumvi, usiirudishe kwa brashi. Na kila Februari, kabla ya masika, mtu apande juu azibue mifereji kwa mkono, bomba kwa bomba, amwage ndoo ya maji juu na mwenzake asimame chini aone yanatokea wapi.